Karate ya Uani

Majirani wa mji wa Shuri, kisiwani Okinawa, walikuwa na la kusema kuhusu kijana mmoja wa mtaani kwao. Walioamka mapema walimkuta ndiyo kwanza anarudi nyumbani, taa mkononi, kachoka hoi. Wakanong'onezana, wakakata shauri: huyu hana pengine anakotoka ila kwenye nyumba za anasa. Kijana aliyasikia, akanyamaza. Angewaambia nini? Usiku kucha alikuwa uani kwa mzee mmoja akijifunza karate, na siku hizo karate ilikuwa siri. Aliyeifundisha hakutangaza, wala aliyefundishwa hakujigamba.

Kijana huyo ni Gichin Funakoshi. Alizaliwa mwaka 1868, kabla ya miezi kutimia, akawa mtoto dhaifu wa kuuguaugua ambaye jamaa zake hawakutegemea angekaa sana duniani. Shuleni akapata rafiki, na baba wa rafiki yake alikuwa mtu mkubwa mjini, Anko Azato, fundi wa karate. Mzee akaanza kumfundisha. Afya ikaanza kurudi, polepole, mpaka siku moja kijana akashangaa kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipougua. Kisha akawa mwalimu wa shule. Mchana alisomesha watoto, na usiku ukiingia yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Sasa sikilizeni alivyofundishwa, maana hapo ndipo penye kisa chetu. Mzee Azato alikaa barazani, mgongo wima. Funakoshi alisimama uani, peke yake, chini ya mwanga hafifu wa taa. Akafanya mfululizo wake wa mazuio na mapigo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee akamwambia arudie. Akarudia. Mzee akamwambia arudie tena. Jasho likamtiririka, usiku ukasonga, na hakukuwa na maelezo marefu wala hadithi za mashujaa. Wiki ikapita kwa mfululizo uleule, mara nyingine mwezi, mara nyingine miezi. Siku mzee aliporidhika alitamka neno moja tu la kuafiki, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yote. Kabla ya neno hilo, hapakuwa na kupewa kitu kipya.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri mzee alikuwa mvivu wa kufundisha. Hata mimi ningefikiri hivyo. Lakini tazameni alichokuwa akikifanya: alikuwa akimzoesha kijana kufanya mazoezi bila mtu wa kumshika mkono. Mwalimu yupo, anaona, ila kazi yote inafanywa na mwanafunzi mmoja, kwenye udongo, dhidi ya hewa. Mwanafunzi wa namna hiyo akienda kwao, hana anachokosa. Ua analo, na hewa ipo.

Ule mfululizo wenyewe huitwa kata. Kata ni mpango wa hatua, mazuio, ngumi na mateke uliokwisha pangwa na waliotutangulia: kwanza hivi, halafu hivi, geuka, piga, rudi. Huongezi chako wala hupunguzi. Unapigana na watu wasioonekana, lakini kila mmoja wao ana mahali alipotokea na jambo alilotaka kukufanyia. Mmoja amekushika kifundo cha mkono, mwingine amekuja na teke kutoka ubavuni.

Kwa nini watu wa Okinawa waliihifadhi elimu yao hivyo? Kwa sababu vitabu vya ufundi huo vilikuwa haba sana, na kwa sababu ilikuwa elimu ya kufichwa. Mtu hawezi kukusanya wenzake ishirini uwanjani na bado akaiita siri. Basi elimu ikawekwa ndani ya mwili wa mtu mmojammoja. Mliosoma chuoni mtaelewa upesi. Mtoto akishatamkishwa sura na maalimu, huondoka nayo. Ataisoma akichota maji, ataisoma akijilaza, na kesho atarudi kusikilizwa ili herufi iliyopinda inyooshwe. Kata ni hivyohivyo, ila hapa kinachohifadhi ni miguu, nyonga na mabega.

Angalieni neno hilo, kusikilizwa. Nitalirudia baadaye, maana wengi wanaojifunza nyumbani huchukua nusu ya kwanza ya jambo na kuiacha ya pili.

Kata ambayo Funakoshi aliisugua kuliko nyingine zote katika ujana wake ni Naihanchi. Leo wanaofuata mtindo wa Shotokan huiita Tekki. Ziko tatu za jina hilo, na mwenyewe aliandika kwamba zilimla miaka kumi. Nimeichagua hiyo kwa sababu ya jambo moja ambalo ninyi mnaoishi kwenye vyumba vya kupanga mtalipenda: haina hatua hata moja ya kwenda mbele wala ya kurudi nyuma. Mchezaji huenda kulia na kushoto tu, kwenye mstari mmoja. Ukiwa na kitanda, kabati, ndoo mbili za maji na kijia katikati yake, Naihanchi inakutosha.

Inaanza hivi. Simama miguu pamoja, viganja vimelala kimoja juu ya kingine mbele ya tumbo. Tazama kulia, na kinachogeuka ni kichwa peke yake, mabega yabaki yalipo. Kunja magoti kidogo, kisha mguu wa kushoto uvuke mbele ya ule wa kulia, taratibu, bila kukurupuka. Sasa mguu wa kulia unanyanyuka na kukanyaga upande wa kulia kwa nguvu. Hapo miguu iko mbalimbali, magoti yamekunjwa na kusukumwa nje, mgongo wima: ni mkao wa mpanda farasi. Pamoja na kishindo cha mguu, mkono wa kulia unafunguka kwenda kulia kuzuia pigo. Haujarudi bado, kiwiko cha kushoto kinazunguka na kugonga kiganja cha mkono huohuo: paa! Ngumi zinakusanyika nyongani upande wa kulia, kichwa kinageuka kushoto, na mtu wa pili anasubiriwa.

Mbele kidogo kuna mahali panapowachekesha wanaoanza. Ukiwa umekaa katika mkao uleule, wayo mmoja unapanda haraka kuelekea paja la mguu wa pili, kisha unarudi pale ulipotoka. Mwili hauruhusiwi kuyumba. Jaribuni. Wengi wataegemea upande mmoja, na wengine watajikuta wamesimama wima kabisa bila kujua walisimama saa ngapi.

Makosa ya Naihanchi hayajifichi, na ndiyo sababu inamfaa mtu aliye peke yake. Makalio yakichomoza nyuma, utayasikia maumivu kiunoni. Magoti yakiingia ndani, uzito unalalia upande wa ndani wa nyayo, na ukiwa peku unauhisi mara moja. Kosa kubwa zaidi ni la kichwa kupanda na kushuka wakati mguu unavuka. Hilo mwenyewe hulioni, basi mwombe mdogo wako akae kitandani akulinganishe na ukingo wa dirisha lililo nyuma yako. Kichwa chako kikipanda juu ya ukingo kila unapovuka mguu, ujue magoti yamenyooka kwa kukwepa maumivu ya mapaja. Mdogo wako atafurahi sana kukukosoa. Mvumilie.

Kuhusu mkao huo wa mpanda farasi, Funakoshi alisimulia kisa ambacho ninakileta kwenu kwa masharti. Okinawa ni nchi ya vimbunga. Siku moja upepo ulikuwa unang'oa na kurusha vitu, watu wote wamejifungia ndani, na juu ya paa alionekana kijana karibu uchi, ameshika mkeka mzito wa Kijapani, ule unaotandikwa sakafuni, akiuelekeza kwenye upepo kana kwamba anataka kupimana nguvu na mbingu. Alikaa kwenye mkao wa mpanda farasi. Upepo ukimwangusha anainuka, mwili umejaa tope. Kijana huyo alikuwa Funakoshi mwenyewe. Sharti langu ni hili: msipande paa. Mkitaka kujua kama mkao wenu una mizizi, mwambieni kaka au dada awasukume begani kwa kiganja, kidogokidogo. Jibu litakuwa lilelile, na hakuna mtu atakayepelekwa hospitali.

Vifaa navyo vilitoka nyumbani. Watu wa Okinawa walichimbia ubao ardhini, sehemu ya juu ikiwa nyembamba ili ubonyee ukipigwa, wakaufunga kamba ya majani ya mpunga kwenye ncha. Huo ni makiwara, na hupigwa kwa ngumi kila siku. Katika mji wa Naha, kwenye mtindo ambao Chojun Miyagi aliupa jina la Goju-ryu, walitumia mitungi. Unaikamata kwa ncha za vidole kwenye mdomo wake, mmoja kila mkono, unatembea nayo hatua fupifupi. Ukizoea unatia mchanga kidogo, ukizoea tena unaongeza. Mazoezi ya mitungi yanafaa hata kwenu, na kopo tupu lenye ukingo linaweza kuwa mtungi. Makiwara ni habari nyingine. Mifupa ya mtoto bado inakua, na pale kwenye ncha zake kuna sehemu laini zinazoirefusha. Kupiga ubao, ukuta au mti wa mwembe kwa ngumi katika umri huo ni kuharibu mkono ambao bado unajengwa. Wakubwa wafanye yao. Ninyi pigeni hewa.

Na hewa pia ina hila yake. Ngumi ikimpata mtu au mfuko, kuna kitu cha kuisimamisha. Hewani hakuna, na ukirusha mkono kwa nguvu zote mpaka unyooke kabisa, kinachousimamisha ni kifundo cha kiwiko. Baada ya siku chache kiwiko kitalalamika. Kwa hiyo usiunyooshe mpaka mwisho. Uache umekunjika kwa kiasi kidogo sana, na uusimamishe kwa misuli ya kwapani na ya mgongo. Kidole gumba kikae nje ya ngumi, kimelalia kidole cha shahada na cha kati. Wanaokificha ndani siku moja watagonga kitu, na kitavunjika hichohicho walichokificha. Lenga chembe cha moyo cha mtu wa kimo chako. Chagua doa ukutani ikibidi. Anayepiga popote hajapiga mtu.

Sasa niwaletee mtu mwingine wa Okinawa, tofauti kabisa na mwalimu wetu mpole. Choki Motobu alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa kifalme, mtoto wa tatu wa kiume. Elimu ya mapigano ya ukoo wao ilirithishwa kwa mtoto wa kwanza, yeye ikampita. Akaamua kujitengeneza. Alijifua peke yake, alisujudia Naihanchi kuliko kata nyingine yoyote, na alitafuta walimu waliokubali kumpokea. Lakini hakuishia uani. Usiku alikwenda mtaa wa Tsuji, penye ulevi na ubishi, akawa anapigana kweli. Hapo simsifu hata kidogo. Waungwana wa wakati wake walimkasirikia, na walikuwa na haki. Ila kuna jambo alilokuwa ameliona ambalo wengi wa uani hawalioni: mtu wa hewani hupigwa kila siku na hajawahi kukwepa.

Katika miaka ya 1920, Motobu akiwa amepita umri wa miaka 50, alikutana ulingoni mjini Kyoto na bondia wa kigeni, akamwangusha. Jarida la Kingu likaiandika habari hiyo mwaka 1925, na picha zilizochorwa zikamwonyesha Funakoshi badala yake! Wazee hao wawili hawakupatana, na michoro ile haikusaidia.

Kwa hiyo nyumbani kuna yanayopatikana na kuna yasiyopatikana. Mtu akiwa peke yake hujenga mkao, pumzi, mizani, na njia sahihi ya pigo. Hawezi kujifunza umbali, kwa sababu hewa haisogei. Hawezi kujifunza wakati, maana hakuna anayemshtukiza. Wala hajui moyo wake utakwendaje mbio atakaposimama mbele ya mtu mwenye nia ya kumpiga, hata kama ni rafiki yake klabuni. Nimewahi kuona vijana waliojifunza kwa kutazama filamu tu. Mateke yao ni ya juu na ya kupendeza, lakini akiwasogelea mtoto mdogo kuliko wao aliyezoea kucheza na wenzake, wanafumba macho.

Funakoshi alipokuwa mtu mzima, siri ya karate ilikuwa inafunguka. Mwalimu wake wa pili, Anko Itosu, aliiingiza katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa ajili ya watoto wa shule akatunga kata tano fupi ziitwazo Pinan. Watoto wengi wa karate wa leo duniani huzipitia, wengi wakizijua kwa jina la Heian. Basi ile elimu ya usiku ikatoka juani, na mwaka 1922 Funakoshi akatumwa Tokyo kuionyesha. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, akamwalika kwenye ukumbi wake wa Kodokan. Walicheza wawili, Funakoshi na kijana aitwaye Shinkin Gima. Kata aliyoicheza Gima mbele ya wakubwa wote wale ilikuwa Naihanchi, ileile ya kijia cha katikati ya kitanda na kabati.

Funakoshi aliombwa abaki, akabaki, na fedha hakuwa nazo. Alipata chumba kidogo kwenye bweni la wanafunzi kutoka Okinawa. Ili aishi, alikuwa mlinzi, mfagiaji na mtunza bustani wa bweni hilo, na alimfundisha mpishi karate ili apunguziwe bei ya chakula. Ukumbi wa bweni ulipokuwa mtupu, ndio uliokuwa shule yake. Siku moja akiwa anafagia nje akatokea mwandishi wa habari, akamuuliza yule mfagiaji: Bwana Funakoshi, mwalimu wa karate, anapatikana wapi? Mfagiaji akamwomba asubiri kidogo. Akapanda mbio chumbani, akavaa vazi lake la heshima, akashuka, akajitambulisha kuwa ndiye Funakoshi. Mwandishi akashangaa mno alipogundua kwamba mfagiaji na mwalimu ni mtu mmoja.

Turudi kwenye kusikilizwa. Anayejifua nyumbani hurudia, na mwili haujui kuchagua: unahifadhi kosa kwa uaminifu uleule unaohifadhi usahihi. Ukirudia goti lililopinda mwezi mzima, umelifuzu goti lililopinda, na kulinyoosha kutachukua muda mrefu kuliko kujifunza upya. Kioo kinasaidia kiasi, ila kina mtego. Ukikitazama, kichwa kinafuata kioo badala ya kumfuata adui, na kulia kwako kunakuwa kushoto. Simu ni bora. Iegemeze kwenye chupa ya chai, irekodi kata moja tu kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni, kisha utazame bila haraka. Utashangaa. Kila mtu anaamini mkao wake uko chini mpaka ajione.

Fanya mara ya kwanza polepole sana, kiasi cha kuchosha uvumilivu, maana polepole hakuna pa kuficha mizani mibovu. Mara ya pili kwa kasi ya kawaida bila nguvu. Mara ya tatu kwa nguvu. Halafu anza upande wako dhaifu, ule unaoukimbia. Watu wengi wa mkono wa kulia hufanya upande wa kulia mara mbili na wa kushoto mara moja na kusema wamefanya sawasawa. Vua soksi kwenye sakafu ya saruji au vigae, kunja mkeka usije ukateleza nao, na uangalie taa ya darini kabla ya kurusha mkono juu. Ukianza kutetemeka kiasi cha kupoteza umbo, acha, hata kama ulijiahidi kuendelea. Zinazofuata zote zitakuwa mbovu, na mwili unazihesabu.

Siku ya kwenda kwa mwalimu ikifika, kishawishi kitakuwa kumwonyesha ile sehemu unayoimudu, umpendeze. Mwonyeshe ile ya wayo unaopanda na kurudi, pale unapoyumba bado, na umwambie ni tangu lini unayumba hapo. Akikwambia urudie, rudia.